Pua ya Kinyago

Anjelina alishachoka. Mwezi wa nne sasa mumewe Polikarpo, mchonga vinyago wa Mwenge, alikuwa anakufa kila asubuhi na kila jioni anarudi nyumbani mzima. Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hakuna. Alipima presha mpaka muuza dawa akamjua kwa jina. Akapimwa moyo, akaambiwa mzima, akanuna wiki nzima utadhani katukanwa. Shangazi yake akasema karogwa. Anjelina naye alikuwa na dawa yake: "Jikaze bwana, mwanaume gani wewe?"

Jumanne moja alimpelekea chakula kazini, akamkuta kapakata kinyago cha oda, mama na mtoto. Mama hana pua.

Kinyago kikishapigwa msasa hupakwa kiwi ya viatu king'ae, kikawekwa chini, kazi imekwisha. Polikarpo alikuwa hawezi kukiweka chini. Kila akikiangalia anaona kasoro, anasugua tena, mpaka mpingo wenyewe, kwa ugumu wake wote, ukaisha.

"Pua iko wapi, baba Gladness?"

"Nilikuwa nahakikisha tu."

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

Anjelina alitaka kupiga kelele. Badala yake akaogopa, maana mumewe alikuwa hana kazi nyingine anayoijua duniani.

"Nyanyuka, twende hospitali."

"Nshaenda. Moyo mzima."

"Moyo tuachane nao. Twende ukaonyeshe hiyo pua."

Daktari wa afya ya akili, mama mmoja mtaratibu, hakugusa hata kipimo cha presha. Aliuliza hofu inamzuia kufanya nini. Polikarpo akatoa kinyago kwenye mfuko, akakiweka mezani, akalia.

"Wasiwasi kila mtu anao," daktari alisema. "Lakini ukikaa miezi, ukakunyima usingizi na kazi, huo ni ugonjwa, na unatibika. Mngekuja mapema."

"Angekujaje," Anjelina akafoka, "na mie kila siku namwambia ajikaze?" Hasira zote za miezi minne zikamgeukia mwenyewe.

Polikarpo akawa anakwenda kuzungumza na daktari kila wiki. Wiki ya saba akampigia simu mkewe aje kazini upesi. Anjelina akatoka kanisani, akaenda huku anasonya njia nzima, akijua yameanza tena. Akamkuta kashika kinyago kipya, kiwi mbichi, pua ipo.

"Kichukue, mama Gladness. Haraka, kabla sijakiangalia tena."

Akakinyakua, akatoka nacho mbio, kiwi yote ikaishia kwenye gauni lake la kanisani.