Asiye na Jina Apelekwe Wapi

Ukitaka kucheka, cheka. Mimi haya yalinipata mchana wa jua kali, nimeshiba, sina homa, na mke wangu ni shahidi.

Kazi yangu ni seva. Ninayo moja hapa Kwa Vonza, inabeba programu tatu: ya zahanati, ya kanisa, na ya kamera ya lango la nyumbani kwangu Mbooni. Mtu akifungua tovuti, seva husoma jina analolitafuta, kisha humpeleka kwenye programu yake. Asiye na jina linalojulikana hupelekwa kwa ile ya kwanza kwenye orodha. Ya kwanza ilikuwa ya nyumbani. Uvivu tu, kizuizi cha kuwakataa wasio na jina nilisema nitaweka kesho.

Siku hiyo mama mmoja aliingia ofisini, amefunga leso mgongoni kama aliyebeba mtoto, ila leso ilikuwa tupu. Akanitazama nikichapa.

"Na hii mashine, mtu hana jina inampeleka wapi?"

Nikacheka. "Mama, hao wote wanaenda kwangu nyumbani!"

"Asante, mwanangu," akasema, akatoka.

Jamani, ulimi wangu! Binti yetu alikuwa na siku mbili. Kwetu Wakamba mtoto hupewa jina siku ya tatu, na kabla ya hapo wazee husema bado ni wa mizimu. Nilijua. Nani asiyejua?

Dakika chache baadaye seva ikaandika: ombi lisilo na jina, limepelekwa nyumbani. Nikafungua kamera. Niamini, alikuwa yeye, langoni Mbooni, mwendo wa masaa kwa pikipiki. Nikampigia mke wangu.

"Usimfungulie huyo mama!"

"Ako hapa tayari, ameshika mtoto. Si amesema ni wewe umemtuma?"

Niliandika kizuizi mbio mbio, nikaiwasha seva upya. Kilifanya kazi vizuri sana: kila asiye na jina akakataliwa nyumbani kwangu. Kwenye kamera mama alikuwa anatoka, na leso haikuwa tupu tena.

Lakini mke wangu aliniambia kwenye simu kwamba mtoto yuko kitandani, amelala. Kesho yake mama yangu akamwita Mwende, pasta akaomba. Sasa ana miaka minne. Masikio yamepimwa, ni mazima. Akisikia mvua inakuja hukimbia kuanua nguo. Ukimwita jina lake, hageuki. Tumejaribu majina yote ya ukoo. Mke wangu hulia jikoni akidhani sisikii.

Wewe unayefanya kazi hii, wasio na jina wafungie mlango leo. Na mgeni akikuuliza wanakoenda, nyamaza. Mimi nilijibu, na mpaka leo sijui binti yangu anangoja kuitwa na nani.