Maziwa Mbele ya Bendera

Nilizoea kumsikia kabla ya kumwona. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala juu ya mteremko wa Mudzipela, na ndani yake zilikuja bidoni mbili za alumini zikigonga chuma cha baiskeli, kling, kling, kisha kikohozi, kisha yeye mwenyewe, muuza maziwa, mtu mrefu wa makamo aliyeondoka upande wa Bogoro kabla ya jogoo ili mji upate chai ya maziwa.

"Acha njia, karani!" alinipigia kelele, akanipita.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa daktilo, mpiga mashine wa ofisi moja ya serikali chini kule, karibu na mlingoti wa bendera. Nilikuwa pia naandika riwaya katika madaftari ya shule, lakini hilo barabarani halikumhusu mtu.

Kila asubuhi niliuteremka mji juu ya kinga, kama kwetu tunavyoiita baiskeli. Mwenye gari anaiona Bunia kupitia kioo. Mwenye kinga inamwingia puani na machoni. Nilizijua harufu za kila kona: mafuta ya mikate ya kukaanga, samaki wakavu kutoka Mahagi-Port, moshi wa majani mabichi. Niliwajua akina mama wa Kpandroma kwa namna walivyobeba kabichi bila kuzishika kwa mkono. Nilijua shimo gani lilizaliwa mvua ipi. Na niliyajua matope. Gari la mkubwa likipita kasi penye dimbwi, sisi tuliokuwa pembeni tulipakwa rangi. Siku moja nilifika kazini na matope hayo kwenye suruali yangu nzuri, na mkuu wangu wa ofisi, ambaye gari lake ndilo lililonirushia, akaniuliza kama sina sabuni nyumbani.

Katika mfuko wa ngozi chini ya kiti cha kinga nilibeba utepe wa mashine ya kuandikia. Ofisi ilikuwa na mashine moja, utepe haikuwa nao. Niliununua mwenyewe kwa mfanyabiashara wa Butembo, na kila jioni niliuvua nikaenda nao nyumbani, kwa kuwa pale ofisini vitu vilikuwa na miguu. Ajabu ni kwamba makaratasi yalisema tunapokea tepe mpya mwaka mzima. Najua yalisema hivyo. Niliyaandika mimi, kwa utepe wangu.

Kila siku saa moja na nusu askari alipuliza filimbi na bendera ikaanza kupanda. Hapo kila mtu aliganda. Mama mwenye kabichi aliganda, watoto wa shule waliganda na kicheko mdomoni, na mwenye kinga ilimpasa ashuke, aishike, anyooke. Sikuichukia bendera. Kitambaa hakina kosa. Nilichochukia ni kwamba tulioganda ni sisi peke yetu. Wiki ile ile ya matope gari la mkuu wangu liliingia uani bendera ikiwa katikati ya mlingoti, na askari, filimbi ingali mdomoni, akalipigia saluti. Hakuna aliyeniita niandike PV, ile hati ya mashtaka.

Asubuhi ninayoikumbuka, filimbi ilitukuta kwenye mteremko wa mwisho. Mimi nilishuka. Muuza maziwa alikuwa hatua ishirini mbele yangu, na kinga yake haikuwa na breki tangu nimjue. Breki yake ilikuwa mguu: kila mara alikandamiza sandali ya mpira wa gari juu ya gurudumu la mbele, moshi ukatoka, akasimama. Siku zote alisimama. Siku hiyo nilimwona akikandamiza, nikaona mkanda wa sandali ukikatika na sandali ikiruka pembeni kama chura.

"Fre haiko! Fre haiko!" alilia kwamba breki hakuna, na mzigo ukamsukuma mbele ya watu wote walioganda, mbele ya mlingoti, mpaka kwenye ukuta wa ofisi, ambako alizuia kwa bega lake ili bidoni zisianguke.

Filimbi ilipokoma, askari alikuwa tayari amemshika shati.

"Weye! Drapo inapanda, weye unapita sawa nani? Sawa ministre?"

"Chef, fre haiko. Sandali ndiyo fre yangu. Iko kule barabarani, muangalie."

"Nitakamata sandali na weye pamoja."

"Umuachilie, baba," alisema mama mmoja wa kabichi, akionyesha bidoni za maziwa. "Maziba haijue drapo."

Watu walicheka. Askari aligeuka. "Mama, funga kinywa, ama kabichi yako italala mu kasho!"

Kasho ni mahabusu. Na muuza maziwa angelala humo, kinga yake ikabaki uani mwetu, ambako kinga zilizobaki sikuwahi kuona zikirudi kwa wenyewe. Nusu ya maziwa yale yalikuwa ya hospitali. Jua lilikuwa limekwisha kuukunja ukungu. Kufikia adhuhuri yangekuwa yameganda yenyewe, bila filimbi.

Nikaitwa ndani. Nilivalisha mashine utepe wake. Mkuu alisimama nyuma yangu katika abakosti yake, suti ya wakubwa isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri.

"Andika. Alikatala kusimama mbele ya drapo."

"Chef, nilikuwa nyuma yake. Sandali yake ilikatika."

"Weye iko daktilo ama avoka, mutetezi yake?"

Nikaandika. Niliandika kwamba kinga haikuwa na breki, kwamba mtu huyu alijaribu kuzuia kwa mguu akashindwa. Yalikuwa maneno machache, na nadhani ndiyo ya kwanza ya kweli kutoka katika mashine ile. Mkuu aliyasoma akifuata kwa kidole, akachana karatasi vipande vinne.

"Anza tena. Alikatala."

Kupitia dirisha nilimwona muuza maziwa amechuchumaa kando ya bidoni, mguu mmoja peku. Alifungua kifuniko, akanusa, akafunga haraka, kana kwamba kunusa kwenyewe kungeyaharibu. Hakunitazama. Afadhali angenitazama. Nilikumbuka wote niliokwisha kuwaandika miaka miwili kwenye kiti kile: aliyetukana ambaye hakutukana, aliyekimbia ambaye alikuwa kilema. Sikuwahi kumpiga mtu. Niligonga vidole tu, nikarudi nyumbani kuandika riwaya kuhusu haki. Hasira iliyonipanda haikuanza na mkuu, ilianza na vidole hivi vyeusi kwa wino.

Basi nikafanya nilichofanya kila jioni. Nilizungusha magurudumu mawili ya utepe, nikauvua.

"Unafanya nini?"

"Utepe ni yangu, chef."

"Rudisha!"

"Chef anaweza kutumia zile za ofisi. Tulipokea nyingi. Mimi niliandika."

Mlinzi wa kasho hakupokea mtu bila PV iliyopigwa mashine. Sheria hiyo waliiheshimu kuliko bendera. Na kuomba utepe kwa walio juu yake kulikuwa sawa na kuwaonyesha zile tepe zilizonunuliwa kwenye makaratasi tu. Niliona anahesabu hayo yote, na mshipa wa shingo ukivimba.

"Toka," alisema. "Sipende kukuona tena hapa. Hata kwa mulango."

Nilitoka na utepe mfukoni. Askari alinyoosha mkono.

"PV iko wapi?"

"Haiko. Mashine haina utepe."

Alitazama dirisha la mkuu. Mkuu alikuwa ameligeuzia mgongo. Alitazama bidoni, jua, yule mtu peku, kisha akatema mate pembeni.

"Ondoa vitu yako hapa. Na utafute fre!"

Muuza maziwa aliinuka. Alishika usukani, nami nikashika kinga yangu, na tukazisukuma kwa miguu kuelekea hospitali, kling, kling, yeye na kiatu chake kimoja kilichobaki, mimi bila kazi. Hatukuwa tumefika langoni mwa ua tuliposikia nyuma yetu mkuu akibamiza mlango wa ofisi, lakini hakuna aliyetufuata.