Mzinga Niliomtegea Paka wa Bi Mwajuma

Kosa ni langu, sitaki mtu anitetee. Nimerina asali miaka mingi kwenye misitu ya Sikonge. Mtu kama mimi hakupaswa kukosea hivi.

Hapa mtaani kwetu Isevya kulikuwa na paka wa madoa asiye na mwenyewe. Aliyekuwa akimtupia utumbo wa samaki ni jirani yangu Bi Mwajuma, mjane mtu mzima. Siku moja paka akaja waya umemkaza mguu wa nyuma, umezama mpaka kwenye nyama. Ukimsogelea, mbio. Bwana mifugo akasema tukimkamata tumpelekee, mguu bado unatibika.

Bi Mwajuma akanijia. "Baba Pendo mwanangu, nisaidie. Paka anaoza huku namwangalia."

Kesho yake asubuhi nikachukua mzinga wangu wa gogo, bado unanukia asali, nikauweka chini kando ya ukuta. Ndani dagaa, mdomoni kifuniko cha kujifunga chenyewe. Nikajiona fundi kweli.

"Mama, nafika Kwihara mara moja," nikamwambia. "Akinasa usifungue, hata alie vipi. Akitoroka hatumpati tena."

"Sawa, mwanangu."

Kwihara nikakuta warina wenzangu, maongezi yakanoga. Nimerudi saa nane mchana, Bi Mwajuma yuko kwenye kigoda mbele ya mzinga, kajiziba masikio kwa kanga.

"Alilia sana," akasema. "Sasa amenyamaza."

Nikafungua. Siafu! Waliingilia ufa wa nyuma, upande wa ukuta, ambako mama wa watu hakuweza kuwaona. Nilimtoa wananing'ata mpaka mabegani, nikammwagia maji, nikamwita kama mtoto. Alikuwa ameshakufa.

Jamani, mzinga huning'inizwa juu ya mti. Kila mrina anajua sababu mojawapo ni siafu. Mimi nikauweka chini, nikamfungia mgonjwa ndani, nikaenda kupiga soga.

Bi Mwajuma hakunigombeza. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Uliniambia nisifungue."

Siku hizi nikimwamkia anaitikia marahaba, lakini kigoda amekigeuza, ameipa nyumba yangu mgongo. Najuta mpaka nachoka.

Wenzangu, ukitega kwa nia njema, kaa na mtego wako. Ukilazimika kuondoka, usimkataze kufungua yule unayemwacha. Yeye ndiye atakayesikia kilio.