Mgongo wa Baba Mkwe

Nilianza kwenda kwenye kile kibanda kwa sababu ya mimba. Ilikuwa mimba yangu ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitatu, na hii nayo ilikuwa imefika hapo hapo, kwenye mwezi ule ule wa tatu, nami nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Ilikataa kila chakula. Ilikataa ugali, viazi, ndizi, hata chai. Ilichokubali ni kitu ambacho mimi, mtoto wa Iringa, nilikuwa sijawahi kukiona mpaka nilipokuwa mtu mzima: pweza wa nazi.

Kibanda kilikuwa Uyole, nyuma ya maegesho ya malori. Mwenyewe alikuwa mama wa kisiwa cha Mafia aliyemfuata mumewe, dereva, huku kwenye baridi yetu. Pweza wake walikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, ndani ya deli la barafu. Alikuwa amemwomba fundi rangi amchoree bahari ukutani. Fundi huyo bahari aliisikia tu kwa watu; akachora mawimbi marefu ya kijani yaliyosimama kama milima ya Rungwe, na juu ya wimbi moja mnazi unaofanana na mgomba. Watu wakapaita Kisiwani. Tulikula tumevaa masweta, ukungu ukiingia mlangoni, na harufu ya nazi ikapanda mpaka barabarani.

Mume wangu ni Mnyakyusa. Kabla ya harusi shangazi yake alinikalisha jikoni akanieleza kwamba katika nyumba yao mwanamke hamtazami baba wa mumewe. Hamsalimii. Hali mbele yake. Akimwona anakuja, anajificha, na akikosa pa kujificha anajifunika khanga na kumpa mgongo.

"Na nikimwona kwa bahati mbaya?"

"Tumbo litakukataa," alisema, kwa sauti ile ile aliyonielekezea kopo la chumvi.

Nilicheka kimoyomoyo. Kwetu babu alikula na wake za wanawe sinia moja. Isitoshe, nafundisha sayansi sekondari. Lakini siku ya harusi, mlangoni mwa kanisa, upepo uliniinua shela, na kwa kitambo cha kupepesa jicho nikakutana na macho ya yule mzee. Mwaka haukuisha, mimba ikatoka. Shangazi alinitazama tu, kisha akatazama pembeni. Tangu siku hiyo sikuamini, lakini niliogopa. Mtu anaweza kuogopa kitu asichokiamini; nimeishi hivyo, najua.

Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana. Nilikuwa nimekula vijiko vitatu. Mlangoni ukatokea mwavuli mkubwa mweusi, kisha koti la kijivu ambalo mume wangu alilinunua Krismasi na mimi nikalipiga pasi kwa mkono wangu. Baba mkwe. Alikuwa ametoka Tukuyu kuja kutafuta mbegu za viazi, na mvua ilikuwa imemsukumia humo humo nilimokuwa.

Mlango ulikuwa mmoja tu. Alikuwa bado ameinama anaufunga mwavuli. Niliacha sahani nikapenya nyuma ya khanga iliyotenga meza na jiko.

"Dada!" dereva mmoja wa lori akaniita, mdomo umejaa wali. "Unakimbia pweza? Ashakufa huyo!"

Mama wa Mafia alikuwa anakoroga chungu. Alinitazama nilivyojibanza kando ya jiko.

"Kulikoni, mwanangu? Polisi?"

"Baba mkwe."

"Sasa baba mkwe si umwamkie?"

"Hatakiwi kuniona. Wala mimi kumwona."

"Makubwa haya," alisema, akatoka kwenda kumhudumia mteja wake.

Kwenye khanga palikuwa na tundu dogo la moto wa mkaa. Sikutaka kuchungulia, nikachungulia. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kikiwa bado na joto langu, akinipa mgongo. Sahani yangu aliisogeza pembeni taratibu, kama mali ya mtu atakayerudi.

"Huyu alikuwa anakula nini? Nami nipe hicho hicho."

"Pweza, baba."

"Ndiye mnyama gani?"

"Wa baharini. Kula kwanza, uliza baadaye."

Nikasikia kijiko. Kisha sauti yake, nzito, ya mtu anayesoma Biblia mbele ya watu: "Mama, mbona nyama ina vifungo?"

"Mzee, hilo ni koti," dereva akadakia. "Livue kwanza ndipo ule!"

Kibanda kizima kikacheka. Mzee naye akacheka, na alicheka kipande kikiwa mdomoni.

Kicheko chake kilikatika katikati. Kijiko kikaanguka sakafuni. Kupitia lile tundu niliona mabega ya koti la kijivu yakipanda, yakishuka, yakipanda, na hakuna sauti. Hata kikohozi hakikutoka. Ndicho kilichonigandisha damu: mtu anayekohoa ana hewa, asiyekohoa hana. Nilifundishwa hayo shuleni kwetu, kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, na nikayafundisha wanafunzi wangu kwa kupiga mto wa kitanda.

"Mpeni maji!" dereva akasema.

"Msimpe maji!" nilipiga kelele nyuma ya khanga. "Mpigeni mgongoni! Katikati ya mabega, kwa nguvu!"

Dereva akampapasa mgongoni kama anayebembeleza mtoto.

"Kwa nguvu!"

"Dada, mzee wa watu, nitamvunja!"

Mama wa Mafia alirudi mbio akanishika mkono. "Unajua la kufanya? Basi toka! Atakufa kwangu huyu!"

Nakumbuka nilishika tumbo. Sikuomba. Nilifikiri tu, ni mmoja au mwingine. Nikitoka nampoteza huyu, nikibaki anakufa yule. Sayansi yote niliyoifundisha ilinitoka kichwani, likabaki neno la shangazi na kopo lake la chumvi. Kisha nikaona mkono wa mzee ukipapasa meza, ukitafuta kitu cha kushika, ukaikuta sahani yangu, ukaing'ang'ania.

Nilijifunika kitenge kichwani mpaka machoni, nikatoka nikimfuata kwa nyuma. Niliweka kiganja cha kushoto kifuani pake, nikamwinamisha, na kwa mkono wa kulia nikampiga. Nilimpiga mtu ambaye sikuruhusiwa hata kukikanyaga kivuli chake. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Koti lilitoa vumbi la mbegu. Mara ya tatu nilikuwa nalia. Mara ya nne kipande kikaruka, kikaigonga ile bahari ya ukutani, kikateleza kwenye wimbi.

Akavuta hewa kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Nikarudi kinyumenyume, macho chini, mpaka khanga ikanigusa mgongoni.

Hakugeuka.

Alikaa ameelekea ukutani, akihema, shingo yake imesimama wima. Dereva alisubiri, akachoka kusubiri.

"Mzee, ndiyo nini? Dada wa watu kakurudishia roho, hata kumtazama?"

"Kijana," baba mkwe akasema, sauti imekwaruzika. "Kula chakula chako."

Hapo nikajua kwamba amenijua. Asiyejua angegeuka kushukuru. Alibaki akiyatazama yale mawimbi ya kijani, kisha akamuuliza mama wa Mafia polepole, "Ameshaingia?"

"Kaingia, baba."

Ndipo akainuka, akachukua mwavuli. Kabla ya kutoka alimnong'oneza mwenye kibanda kitu. Mama akaja nyuma na sahani mpya.

"Kasema upewe mwingine. Ukatiwe vidogo vidogo. Kasema hupaswi kushinda na njaa, wewe."

Nilikula nimesimama kando ya chungu, kiganja kinawaka. Sikuisikia ladha yoyote.

Mume wangu sikumwambia. Nilihisi baba yake naye hakumwambia. Wiki zilizofuata niliishi chooni. Kila nilipoingia nilitazama, na kila nilipokuta hakuna damu niliogopa upya, kwa sababu kesho ilikuwa bado haijafika. Darasani nilisahau sentensi katikati. Nilijifunza kulala bila kujigeuza.

Jumamosi moja, mwezi wa tano wa mimba, simu ililia. Mama wa Mafia. Huwa ananipigia pweza wakifika.

"Mkweo yupo hapa. Kakaa kiti kile kile, kaelekea ukutani. Leo anakula wali na maharage." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Ananiuliza, yule wa nyuma ya pazia, hajambo? Kila akija Uyole ananiuliza. Leo kasema hatoki mpaka nimpe jibu. Nimjibu nini?"

Nilisikia mvua juu ya bati lake, na katikati ya mvua kimya cha mtu anayengoja. Nikaelewa kwamba wiki zote hizo tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, mimi hapa, yeye Tukuyu. Niliweka mkono tumboni, nikangoja mpaka nikahakikisha.

"Mwambie tupo," nikasema. "Mwambie bado tupo wawili."