Mwisho wa Kunyamaza

Baba yangu hakuwa na haja na mwanzo wa muziki. Kila alasiri aliketi barazani, akashika rimoti ya sabufa, akaruka yote ambayo watu wazima wamevaa suti kuyapiga, akaenda moja kwa moja mwishoni. Ukimuuliza sababu, anakujibu kwamba kuanza kila mtu anaweza. Nilikuwa namtania kwamba anakula nyama anaacha ugali, naye anacheka mpaka anakohoa. Akikohoa mimi nanyamaza, maana kukohoa huko ndiko kulikonirudisha kijijini kwetu Ihanja.

Daktari wa Singida mjini alisema moyo umevimba. Alinivuta pembeni akaniambia mzee anaweza kuishi miaka, na anaweza vilevile kuondoka huku anakunywa chai, kwa hiyo asikae peke yake. Kaka zangu wako mbali, mimi ni mjane na wanangu wameshakuwa watu wazima, basi macho yote yakanigeukia. Sikulalamika sana. Nililalamika kiasi, kisha nikafunga duka langu la vitenge nikarudi nyumbani. Mama alifariki nikiwa ndani ya basi, nikapata habari kwa simu katikati ya watu nisiowajua, na mpaka leo sijasamehe lile basi. Kwa baba nilitaka kitu kimoja tu: saa yake ikifika, niwe nimemshika mkono.

Muziki wenyewe aliupata kanisani. Alipuliza tarumbeta kwenye bendi ya usharika tangu ujana mpaka meno ya mbele yalipomtoka, na mgeni mmoja kutoka ng'ambo alipokuwa anaondoka alimwachia katoni ya kanda za simfonia, ule muziki mrefu wa vyombo vingi usio na mwimbaji. Kanda zilipochakaa nikamtafutia muziki wa aina hiyo kwenye flashi. Watu wa mtaani kwetu, Wakristo kwa Waislamu, waliuvumilia kama wanavyovumilia upepo wa hapa. Walikuwa hawajui lolote juu yake ila namna unavyoisha, kwa sababu mwisho ndio pekee walioletewa.

Mimi nilipenda miisho ya kishindo. Ngoma kubwa zinaingia, tarumbeta zinapanda, unadhani imekwisha, kumbe wanarudi tena, na tena, wanagonga sauti ileile utafikiri wanapigilia msumari. Baba alinieleza kwamba watu wanaupenda mwisho wa namna hiyo kwa sababu ndivyo wanavyopenda kuagwa. Mgeni anasema kwaheri akiwa kwenye kiti. Anasimama, anasema tena. Mlangoni anakumbuka habari ya ng'ombe. Unamsindikiza mpaka njia panda, na hapo napo mnasimama. Kuachwa ghafla kunauma, alisema, na hao watunzi walilijua hilo. Ule mwingine unaotoka kwenye huzuni ukaingia kwenye furaha mwishoni kabisa hakuuamini sana. Alisema unapendwa na watu ambao hawajazika.

Wa kwake ulikuwa tofauti. Vyombo vinapungua. Tarumbeta zinaondoka, filimbi zinaondoka, zinabaki fidla chache zinavuta sauti nyembamba, nayo inazidi kupungua, mpaka inafika mahali hujui kama unasikia au unakumbuka. Baba alifumba macho hapo, akanyanyua kiganja kidogo kutoka kwenye goti ili mtu asizungumze. Mara ya kwanza nilipouona mwisho ule, maana mwisho ule unauona zaidi ya kuusikia, nilihisi kuna mtu ametoka ndani ya nyumba akapita katikati yetu bila kuaga. Nilimwambia waziwazi kwamba siupendi.

"Unakuogopesha," akasema.

"Ndiyo, Baba. Unaniogopesha."

"Basi umeusikia vizuri, mwanangu."

Nilikuwa na sababu nyingine. Nikiwa shambani kwenye alizeti, chini kidogo ya nyumba, sabufa ndiyo iliyokuwa inanipa habari zake. Kishindo kikiisha na kingine kikaanza, najua mzee ameshika rimoti, yupo. Lakini ule wake ukianza kunyauka, nilisimama na jembe mkononi nimekaza masikio, na hakuna kitu cha kusikia ila upepo kwenye miamba. Upepo wa kwetu una tabia ya kuvuma sauti moja ndefu, na mara nyingi sikuweza kujua fidla zimeishia wapi na upepo umeanzia wapi. Nilikuwa naacha jembe na kukimbia. Namkuta amekaa, ananiangalia nilivyojaa vumbi.

"Nani anakufukuza?" anauliza.

Sasa, kwetu mtu akifariki redio zinazimwa. Hakuna anayetangaza, jirani anafunga yake, wa pili anafunga, na mtaa mzima unanyamaza mpaka mazishi. Kwa hiyo nyumba iliyozoea kelele ikikaa kimya ghafla, watu hawaulizi kama kuna msiba, wanauliza ni nani. Na mtaa wote ulijua habari ya moyo wa baba.

Siku moja nilikuwa nimekwenda kusaga. Nilipokuwa narudi na ndoo ya unga kichwani, nikaona mbele yangu wanawake wawili wamejifunga kanga kiunoni, mmoja na beseni la unga, mwingine na kuni. Walikuwa wanaelekea kwetu. Nikawaamkia, wakaitika bila kunitazama usoni. Nilitua ndoo katikati ya njia, sijui nani aliiokota baadaye, nikakimbia.

Uani kulikuwa kumejaa. Wanaume wamesimama wamevua kofia. Mzee mmoja Mwislamu, aliyekuwa rafiki wa baba tangu utoto, alikuwa anasema maneno ya msiba kwa sauti ya chini. Hakuna redio iliyokuwa inalia kokote, sabufa yetu nayo ilikuwa kimya, na hata kuku walikuwa wamekwenda nyuma ya nyumba. Baba alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea ukuta, macho yamefumbwa, na watu walikuwa wamezunguka baraza bila mtu hata mmoja kuthubutu kupanda ngazi. Nikapanda mimi. Nilikuwa naita, "Baba! Baba!" na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Kiganja chake kilinyanyuka kutoka kwenye goti.

Mama mmoja alipiga ukelele, beseni likaanguka. Baba akafumbua macho, akawatazama wote, taratibu, wale waliovua kofia na wale wenye kuni, na nadhani alielewa mara moja walichokuja kufanya. Hakukasirika.

"Bado haijaisha," akasema. "Kaeni."

Wakakaa. Watu wazima wenye akili zao, waliokuja kumlilia, wakaketi chini kwenye vumbi, wakasikiliza. Sikusikia kitu mimi. Taa nyekundu ya sabufa ilikuwa inawaka, unga uliomwagika ulikuwa unapeperuka kidogokidogo kuelekea lango, na baba alikuwa amefumba macho tena. Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka nilianza kuwaza kwamba labda kweli amefariki, na hawa wote pamoja na mimi tunafuata amri ya maiti. Nilishika mguu wa kiti chake ili nipate kitu kigumu cha kushika.

"Haya," akasema. "Sasa imeisha. Karibuni."

Hapo ikazuka shughuli nyingine. Unga ukishatoka nyumbani kwa ajili ya msiba, kwetu hakuna anayekubali kurudi nao, maana ni kuubebea msiba njia ya kwake. Jirani yetu wa upande wa pili wa ua, bibi mmoja mkali ninayemheshimu na kumwogopa, akakata shauri: upikwe, uliwe, uishe hapahapa. Tukapika. Kuku wawili walichinjwa. Baba alikula ugali wa msiba wake mwenyewe na akaomba mchuzi uongezwe, watu wakacheka, ila kicheko kilikuwa kifupi na kila mtu alikuwa anamwangalia anavyotafuna.

Kuanzia hapo mambo hayakurudi yalivyokuwa. Walimwamkia kama kawaida, shikamoo, marahaba, lakini mikono hawakumpa. Watoto walikuwa wakipita lango letu wanashika ukuta wa upande ule mwingine. Bibi yule mkali, aliyekuwa anamgombeza baba kwa kelele miaka yote, sasa alizungumza naye kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha kuliko yote. Nilimwendea nikamwambia, kwa Kinyaturu maana Kiswahili hakinitoshi nikikasirika, kwamba baba yangu yu hai na nitamshukuru akimgombeza kama zamani. Akanishika bega.

Nikarudi kwa baba na hasira zangu zote.

"Ile simfonia sitaki tena kuisikia hapa. Weka za kishindo. Ziko nyingi."

"Za kishindo zinaniambia nimeshinda," akasema. "Mimi nimeshinda nini, mwanangu? Nimelima, nimepuliza tarumbeta, nimemzika mama yako. Ile inaniambia ninaweza kunyamaza na watu wakabaki wamekaa."

"Watu walibaki kwa sababu waliogopa."

"Na wewe?"

"Mimi naogopa kila siku!" Nilipaza sauti mpaka mbwa akaondoka. "Nitajuaje, Baba? Nikiwa kule chini nitajuaje kama ni muziki ulioisha au ni wewe?"

Akaniambia kwa huruma kwamba huenda nisijue. Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nilipoolewa. Lakini alinitii. Kwa muda tukasikia vishindo tu, na mimi nikalima kwa amani, ingawa nilimwona anavisikiliza kama mtu anayesubiri ofisini.

Waliouomba ule mwisho urudi ni majirani, na hilo sikulitegemea hata kidogo. Alikuja bibi mkali, akasimama langoni, akauliza kama ile ya kunyamaza imeharibika. Nikamuuliza anaitakia nini. Akasema siku ile pale chini kwenye vumbi alikuwa amewasikia watu wake. Sikumuuliza watu gani. Alizika watoto wanne, na kila mtu anajua.

Basi baba akaiweka. Na tazama, michi ya vinu ikasimama. Nilikuwa uani naanika nguo, nikasikia mtaa unapungua kidogokidogo: kinu, halafu cherehani ya fundi, halafu mtu aliyekuwa anapasua kuni. Fidla zikafika kule zinakofikaga, zikazama, na hakuna aliyeendelea na kazi yake. Nilichungulia juu ya ua. Kila uwanja ulikuwa na mtu ameganda na kitu mkononi, anatazama chini. Ikawa hivyo kila alasiri. Kijana wa bodaboda kutoka Issuna aliyepita siku moja alizima pikipiki, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki. Nikamjibu hakuna. Aliwatazama wale watu, akaisukuma pikipiki yake kwa miguu mpaka barabara kuu.

Nikaacha kwenda shambani saa hizo. Alizeti zikavunwa na vibarua. Nilikaa naye, mara nyingine nimemshika mkono, na ninakiri kwamba polepole hofu ikaanza kuwa na utamu ndani yake. Nilianza kusikia. Mwisho kabisa, pale ambapo nilidhani hakuna kitu, kulikuwa na kupumua kwa baba, na ng'ambo ya ua kupumua kwa wengine, na nikaelewa kwa nini mtu anaweza kupenda kuondoka kwa namna hiyo, huku kila mtu anakusikiliza na hakuna anayejua ni lini hasa.

Alasiri moja baba alikuwa mchangamfu. Aliomba chai ya tangawizi. Nilisema nitaichemsha muziki ukishaisha, akasema koo limekauka, niende tu, jikoni ni hapo nyuma na nitasikia yote. Nikaenda. Nilikuwa nachuja chai wakati tarumbeta zinaondoka. Fidla zikabaki, zikapungua, nami nikapunguza mwendo wa mikono ili kijiko kisilie. Nikatoka na kikombe taratibu, kwa kunyata, kama tulivyokuwa tumezoea.

Kiganja chake kilikuwa kimelala kwenye goti. Niliweka kikombe chini. Nilimshika mkono, nao ulikuwa na joto lake lote, nikaweka sikio kifuani nikasubiri kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusubiri chochote. Sikusikia kitu, na sasa nilikuwa najua kusikiliza.

Nikashuka ngazi. Nilipofika uani nilishafungua mdomo nipige yowe, na ndipo nikawaona. Bibi mkali alikuwa ameketi kwenye kigoda chake na ungo mapajani, hapepeti. Fundi amesimama mlangoni. Yule mzee rafiki wa baba ameshikilia baiskeli katikati ya njia, ameinamisha kichwa. Mtaa mzima ulikuwa bado unamsikiliza baba yangu, na bibi, bila kunitazama, akanipa ishara ya mkono kwamba ninyamaze.

Nikafunga mdomo. Nilisimama pale na habari yangu, peke yangu mwenye kujua, nikawaachia wamalize. Upepo ulipita kwenye miamba. Hatimaye mtu mmoja nyuma ya ua akakohoa, ungo ukaanza kupepeta, na mimi nikapiga yowe.