Savita na Uyoga wa Kichuguu

Duka la vitambaa la Natvarlal lilipofungwa, mkewe Savita aliomba apewe stoo iliyobaki tupu nyuma ya nyumba yao, Mkuyuni. Akaijaza mifuko ya nailoni yenye maganda ya pamba yaliyochemshwa, akapanda mbegu za uyoga wa mamama, na tangu hapo hakukaa bure. Uyoga ulichomoza ubavuni mwa mifuko kwa mafungu, umepangana kama masikio, na Odeta, mkulima wa Kisesa nje ya mji, alikuwa akija kuuchukua akauuze sokoni.

Mvua za Novemba zilipoanza, Odeta alimletea uyoga mwingine, umefungwa kwenye majani: ule unaoota kwenye vichuguu. Huu husimama mmoja mmoja, kofia imechongoka katikati, na shina hushuka ardhini kama mzizi mrefu. Savita aliupika kwa bizari, akala, akafuta sufuria kwa chapati. Kesho yake akapanda vipande vya mashina aliyobakiza. Vikaoza vyote. Akaletewa mwingine, akajaribu kwa nyasi; vikaoza tena.

Alipomsimulia Odeta, Odeta alicheka mpaka akakaa chini.

"Huu una wakulima wake, mama," akamwambia. "Ni mchwa."

Savita akataka kuwaona. Jumapili mwanawe Rohan akampeleka Kisesa kwa gari, na Savita, bibi mwenye wajukuu, akapiga magoti topeni shambani kwa Odeta, akaufuata mzizi wa uyoga mmoja wa kichuguu kwa vidole mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Ndani akagusa kitu laini kama sifongo. Odeta akamwomba aishie hapo: hiyo ndiyo bustani yenyewe, wakiibomoa mwakani hawatapata kitu. Savita akautoa mkono taratibu, mchwa mmoja amemng'ang'ania kidoleni. Odeta akamweleza jinsi wanavyobeba nyasi kavu, wakazitafuna, wakaulea uyoga gizani kwenye unyevu.

"Kumbe ni wenzangu," Savita akasema. "Ila wao wananishinda."

Mchana walipika aina zote mbili kwa karanga. Odeta alisema ule wa kichuguu una utamu wa nyama. Savita, ambaye hajaonja nyama maisha yake yote, alisema hilo hawezi kulithibitisha, ila unatafunika vizuri. Mamama ulikuwa laini, umenyonya mchuzi wote, na Rohan aliurudia huo. Wakabishana upi bora mpaka ugali ukaisha, ukasongwa mwingine.

Savita alirudi mjini sari imejaa tope, amekalia magazeti aliyotandikiwa na Rohan, akiimba njia nzima.