Fundi Rhobi na picha ya watu wasio na vichwa

Krrr. Krrr. Krrr.

Ni sauti ya msasa. Inasikika toka barabarani, ukungu wa asubuhi ukiwa bado haujayaachia mashamba ya Issenye, na mpita njia anaweza kudhani kuna mtu anakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria kubwa. Akikaribia ndipo anamwona: mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu, amesimama juu ya jukwaa la nguzo za mirunda, mita nne kutoka ardhini. Anafuta uso wa mtu.

Uso wenyewe una siku moja tangu uchorwe. Jicho moja limepanda kuliko jingine, na meno yamezidi mdomo.

"Joram alisema huyu ni muuguzi," anasema Rhobi Nyangwine bila kugeuka. "Mimi naona mbuzi aliyekutana na fisi."

Chini yake Joram anachochea rangi kwenye ndoo. Hasikii tangu utotoni, lakini anaviona vidole vya Rhobi vikiota pembe juu ya kichwa, naye anacheka. Anamjibu kwa mikono kwamba yeye kazi yake ni herufi. Watu wa kuchora sura watafutwe kwingine.

Muuguzi anabaki bila kichwa. Wenzake hali kadhalika: mfugaji mwenye fimbo, mkulima wa kike mwenye jembe begani, mwanafunzi mwenye daftari. Wote wanne wamesimama kwenye ukuta wa ukumbi mpya wa chama cha wakulima na wafugaji, wamevaa vizuri, mikono yao imekamilika mpaka kucha. Na wote wanaishia mabegani.

Dereva wa bodaboda anapunguza mwendo. "Mama, vichwa mmeviacha Bunda?"

"Tunasubiri cha kwako, mura! Tukifungue tuone kama kuna kitu!"

Mura ndivyo Wakurya wanavyomwita kijana wa kiume. Huyu anaondoka akicheka mwenyewe.

Rhobi hacheki. Ni Jumatano, na Jumapili ukumbi unazinduliwa. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee Tomaso, ameshafika mara mbili kuutazama ukuta, mikono nyuma.

"Mgeni rasmi nitamwambia nini?" aliuliza mara ya mwisho. "Kwamba tumejenga machinjio?"

Akatoa muda hadi Ijumaa jioni. Baada ya hapo kamati itatafuta fundi mwingine.

Katika kikundi cha Mseto, ambacho Rhobi alikianzisha Mugumu miaka saba iliyopita, mtu anayejua sura ni mmoja tu. Anaitwa Winfrida, ana miaka ishirini na tisa. "Winfrida akikuchora, mama yako mzazi atapita hapo akusalimie," anasema Rhobi.

Lakini vichwa vya watu hawa vinaangukia kwenye gebo, ile pembetatu ya ukuta inayopanda toka usawa wa mwanzo wa bati hadi kileleni. Na kwa Wakurya wengi wa huku, mwanamke hapandi juu ya paa mumewe akiwa hai. Akipanda, ni kama ametangaza kifo cha mumewe.

Kisyeri, mume wa Winfrida, alisikia kwamba jukwaa limevuka usawa wa bati. Jumamosi akapiga simu. Winfrida aliisikiliza hadi mwisho, akaiweka brashi kwenye maji isikauke, akarudi nyumbani kwake Morotonga.

"Ukuta niliupima sentimita kwa sentimita," anasema Rhobi. "Kisyeri sikumpima."

Kuna jambo jingine, na hili Winfrida haambiwi. Jumanne jioni Rhobi alimpigia fundi mmoja wa Musoma, mwanamume anayesifika kwa kuchora sura. Fundi akakubali kuja Alhamisi.

"Kazi hii ikiharibika, hakuna atakayesema Winfrida alizuiwa," anajitetea. "Watasema wanawake wameshindwa. Nitapata wapi kazi nyingine?"

*

Rhobi ana miaka arobaini na tatu. Alizaliwa katika kijiji kimoja cha Tarime, nyumba ya watoto tisa, na kazi yake ya kwanza ya rangi aliifanya kwa viganja: samadi, majivu na udongo mwekundu, akiwa nyuma ya mama yake wakikandika kuta. Mama alipogeuka, mtoto alichora ng'ombe. Mama akapaka juu yake. Mtoto akachora mwingine.

Aliolewa na Steven, fundi rangi wa Mugumu. Mwaka 2013 Steven aliugua mapafu akafariki, akimwachia watoto wawili, ngazi moja na brashi kumi na moja. Rhobi alizihesabu brashi siku ya kuanua matanga, kwa sababu shemeji mmoja alikuwa ameanza kuzikodolea macho.

Kazi ya kwanza aliiomba kwenye duka la dawa. Mwenye duka akamwambia aende akamlete mumewe.

"Nikamwambia, mume wangu yuko chini ya udongo. Anayepaka ni mimi. Ukitaka yeye, chukua jembe."

Mwenye duka alitoa kazi. Ujira ulikuwa shilingi elfu nane kwa siku mbili. Sasa fundi wa Mseto anaondoka na elfu kumi na tano hadi ishirini na tano kwa siku, ingawa mvua za masika zinaweza kuwakalisha nyumbani wiki tatu mfululizo.

Mwiko wa paa aliukuta mapema. Siku alipopanda kupaka bati, watu walikusanyika chini na mama mmoja akapaza sauti: "Rhobi, unatangaza msiba gani?" Akajibu kutoka huko huko juu: "Msiba nilishautangaza. Leo napaka bati!"

Kwa mjane, maneno yaliishia hapo. Lakini Mseto si kikundi cha wajane. Kina watu saba, wanawake watano na wanaume wawili. Mwanvua alitoka Tanga akimfuata mumewe aliyehamishiwa huku kikazi. Swala ikifika, ngazi yake haiguswi mpaka arudi. Joram ni Mjaluo wa upande wa Sirari, na kwa ajili yake wote wamejifunza kuongea kwa mikono. Wawili wengine ni wa koo mbili tofauti, na baba zao walichomeana nyumba. Hao Rhobi huwapanga ndoo moja kwa makusudi.

"Ndoo ya lita ishirini haibebwi na mtu aliyenuna," anasema. "Mtaongea tu."

Kwenye semina wilayani aliwahi kusifiwa kwa kukuza ujumuishi kazini. Neno hilo halimkai mdomoni. "Mimi nilitafuta watu wanaojua kazi," anasema, "nikakuta wengi wao wamefungiwa mlango na mtu mwingine."

*

Jumatano hiyo hiyo, saa nane mchana, alivua ovaroli, akapanda bodaboda kwenda Morotonga.

Alimkuta Kisyeri uani akiranda mbao, ni seremala. Mama yake mzazi alikuwa kwenye mkeka akipukuchua mahindi. Winfrida alitoka jikoni, akaweka kigoda, akarudi ndani. Mlango hakuufunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayewapandisha wake za watu?"

"Ndiye mimi, mama."

Kisyeri hakuacha kuranda. "Mama Sarah, mimi sina ugomvi na kazi yako," alisema. Sarah ni binti wa kwanza wa Rhobi. "Miaka mitatu Winfrida anapaka nawe, nimewahi kusema neno? Lakini paa, hapana. Baba yangu mdogo, mkewe alipanda kuziba panapovuja. Mwezi haukuisha tukamzika baba mdogo."

"Pole sana, baba."

"Nimeshapoa. Ila sijasahau."

Rhobi hakubishana naye. Alimgeukia mama. "Mama, nyumba yako ya kwanza nani aliikandika?"

"Mimi. Ulitaka nani, jirani?"

"Na kuezeka?"

"Wanaume."

"Kukandika ulifika wapi?"

Mama alimtazama kama anayetazama mtu aliyepungukiwa. "Mpaka ukuta ulipoishia. Sasa ningeacha katikati?"

"Basi, Kisyeri," alisema Rhobi, "paa ni lako, siligusi. Ukuta ni wa nani?"

Randa ikasimama. "Nyumba za zamani zilikuwa za msonge, Mama Sarah. Hazikuwa na gebo."

"Ndiyo maana hakuna aliyeliwekea mwiko. Gebo ni tofali na plasta. Bati Winfrida hatalikanyaga. Kama atalikanyaga, mimi mwenyewe nitamshusha."

Kisyeri alipuliza vumbi la mbao. Aliposema, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Watu hawatauliza kama ni gebo au ni paa. Watapita barabarani wataona mke wangu yuko juu. Watasema Kisyeri amekufa."

"Basi nenda ukasimame chini wakuone," alisema mama yake, akachukua gunzi jingine.

Ndani, Winfrida alicheka. Aliwahi kuziba mdomo, lakini walishamsikia. Kisyeri akauliza kazi inaanza saa ngapi.

Rhobi alipotoka tu nje ya uzio, alimpigia fundi wa Musoma akamwambia asije.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi Kisyeri alifika Issenye amevaa shati la kanisani na viatu vilivyopigwa rangi. Aliukagua mrunda mmoja mmoja, akagongomea misumari sita aliyokuja nayo. Kisha akasimama barabarani kabisa, mahali ambapo hata kipofu angemgonga.

Winfrida akapanda.

Neno lilikuwa limeshasambaa. Kufikia saa nne kila aliyepita alikuwa na lake.

"Mura, kumbe uko hai?"

"Niko hai kuliko wewe!"

"Kisyeri, tulikuwa tumeshachanga sukari ya msiba!"

"Ileteni hivyo hivyo, nitainywea chai!"

Mchana alikuwa amechoka kusimama, lakini alikataa kiti. Alisema maiti ndiyo hulala. Jasho lilikuwa limemlowesha shati lote mgongoni, na kila Winfrida aliposogeza mguu, Kisyeri alikimbilia kushika nguzo ya jukwaa.

Ijumaa saa tisa alasiri, sura ya nne inakamilika. Mzee Tomaso anakuja, mikono nyuma, anatazama mpaka shingo inamuuma. Muuguzi ana kovu dogo kwenye nyusi. Mwanafunzi anataka kucheka lakini anajizuia.

"Huyu mfugaji," anauliza mzee, "ni Mkurya au Mwikoma? Kamati ilibishana sana juu ya hilo."

"Muulize mwenyewe, mzee," anasema Winfrida kutoka juu. "Mdomo anao sasa."

Mzee Tomaso anacheka. Anasema kazi imepokelewa, kisha anaenda kuwaita wenzake waje kuona.

Winfrida anashuka. Ananawa mikono kwa mafuta ya taa, halafu kwa sabuni, bila haraka. Anapomaliza anasimama mbele ya Rhobi, wenzake wote wakiwepo.

"Mama Sarah, fundi wa Musoma alinipigia jana usiku. Mafundi tunajuana. Anasema ulimwita, kisha ukamwambia asije."

Rhobi hamung'unyi maneno. "Ni kweli. Nilimwita Jumanne."

"Kabla hujaja kwangu?"

"Kabla."

Joram anatazama uso mmoja, halafu mwingine. Si lazima asikie ili ajue. Kisyeri anainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haijafunguka.

Mwezi ujao Mseto wanaanza kazi Tarime mjini, ukuta wa nyumba ya wageni ya ghorofa mbili, kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Kwa wiki nzima Rhobi amekuwa akiieleza kama kazi yake mwenyewe. Sasa anafuta viganja kwenye ovaroli na kusema polepole, akifuatisha kila neno kwa mikono ili Joram naye apate.

"Winfrida, na ninyi wote ni mashahidi. Tarime fundi mkuu ni wewe. Mimi nitakuchanganyia rangi. Na nakuahidi: mtu akikuzuia tena, awe mumeo, awe kamati, awe nani, nitakuja kwanza mlangoni kwako kabla sijashika simu. Hata kama kazi yenyewe itanipotea."